Nyumba kupendeza kwa vitu vya mtumba huku unaishi na paka na mbwa: tupeane ujuzi hapa

Mama Mahameli (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa wote wanaoishi na paka, mbwa, sungura, kasuku, chochote chenye manyoya au mabawa, na wameshajikatia tamaa kwamba nyumba yao haiwezi kupendeza. Kuna kauli naisikia mara kwa mara, "huyu mbwa akishaondoka ndo ntanunua sofa la maana", na kila nikiisikia inaniuma, maana mtu anaishi miaka na miaka kwenye nyumba asiyoipenda huku akisubiri kifo cha anayempenda. Haina haja jamani.

Mi nimefika mahali naamini mwenye mnyama ndo mtu wa mtumba namba moja, na sisemi hivo kwa sababu ya bei tu. Fanicha nyingi za siku hizi ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi alafu juu umebandikwa karatasi yenye michirizi ya mbao. Mkojo ukigusa ukingo tu inanyonya, inavimba, inafumuka, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Kabati la zamani la mbao halisi likikwaruzwa unapiga msasa unapaka vanishi maisha yanaendelea. Na kitu kilichoshapita mikononi mwa watu kina alama zake tayari, ikiongezeka moja ya kucha hulali na uchungu.

Ila huwezi kuchagua kwa macho peke yake, hapo ndo wengi wanaumia. Mi kabla ya kuuliza bei nakitazama kitu huku namfikiria mnyama, yaani kucha zitashika wapi, meno yatapata nini cha kutafuna, mkojo ukimwagika utaingia wapi, manyoya yatang'ang'ania wapi. Kikipita hapo ndo naanza mambo ya rangi na dizaini.

Viti ndo penye vita kubwa basi nianzie hapo. Paka hakwaruzi kwa ubaya wala kisirani. Anavua ganda la nje la kucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake kutoka kwenye tezi za nyayo, kwa hiyo huwezi kumwachisha, unachoweza ni kumpa pa kukwaruza panapomvutia kuliko sofa lako. Kinachomvutia ni kitu ambacho kucha inashika, vitambaa vyenye vitanzi vitanzi na nyuzi nene zilizolegea. Mahameli ni kinyume chake, nyuzi zake fupi, zimesimama na zimebanana, kucha haipati pa kuingia, paka wengi wanajaribu kidogo na kuachana nayo. Alafu manyoya yanakaa juu juu, unavaa glovu ya mpira ukailowesha kidogo unapitisha mkono yanakusanyika yenyewe. Nikikuta kiti cha mtumba napitisha ukucha wangu kwenye kitambaa, ukikwama najua hicho kitambaa lazima kitoke.

Nina kiti kimoja naomba nikielezee kwa kirefu. Nilikikuta kitambaa kimechanika kwa mbele, sponji imekauka inamwaga unga, watu wanakipita tu. Nikakipindua. Fremu mbao ngumu, maungio yamechongwa yakaingiana, hayajapigiliwa misumari, ukikamata mikono ukatikisa hakitoi sauti. Nikakibeba. Nikiwa nje (ndani hakikuingia kwanza, sababu ntaieleza) nikang'oa kitambaa chote kwa bisibisi bapa na koleo, pini za stepla moja moja, kila pini inaingia kwenye kopo maana mbwa anaokota chochote kilichodondoka chini. Kitambaa cha zamani usitupe, kikunjue ukitumie kama kipimo cha kukatia kipya. Nikaweka sponji mpya, juu yake kitambaa kisichopitisha maji, kisha mahameli ya kijani iliyokoza ambayo ilikuwa pazia la mtu. Mto wa kukalia nimeutia zipu ili foronya ivuliwe ifuliwe. Nguzo mbili za mgongo ni za mbao na zinashuka mpaka sakafuni, nimezizungushia kamba ya mkonge kuanzia chini hadi juu, mizunguko imebanana kabisa, gundi mwanzoni na mwishoni tu. Sasa paka wangu mkubwa akiamka anakwenda moja kwa moja nyuma ya kile kiti, anasimama wima, anajinyoosha mwili mzima, anakwaruza mkonge mpaka aridhike, alafu anazunguka anapanda kulala kwenye mahameli. Hajaigusa. Na mgeni akiingia anaona kiti kizuri chenye nguzo za kamba, anadhani ndo mtindo wenyewe.

Siri yake ni nguzo ndefu inayomtosha kusimama wima, isiyotikisika, na iko palepale anapopenda kulala. Kijiti kifupi kinachoyumba ukakiweka kona ya stoo hatokitumia hata siku moja.

Karibuni, maswali na ujuzi wenu.

chumba_kimoja

asante dada kwa uzi, umenigusa mwenyewe. swali, mi shida yangu na mtumba ni harufu. unanunua sofa linanukia vizuri dukani ukifika home siku mbili tatu hewa ikiwa nzito unaanza kusikia mkojo wa paka ambaye hata humjui, na paka wako nae akisikia anaongezea wake. mnajuaje mapema

Mama Mahameli

Swali zuri mno kaka. Mkojo wa paka una fuwele za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mtu akiosha kwa sabuni akamwagia manukato unaondoka ule wa juu, fuwele zinabaki ndani, unyevu ukirudi hewani na harufu inarudi. Ndo maana dukani hunusi kitu.

Mi nabeba tochi ndogo ya UV, ile yenye mwanga wa zambarau, zipo za bei ndogo tu. Sehemu yenye kivuli unamulika kwenye mishono, chini ya mito, pembe za chini za nyuma. Mkojo uliokauka unang'aa rangi ya njano inayoelekea kijani. Ila usihukumu kwa tochi peke yake maana hata sabuni nyingine za kufulia zinang'aa, ukiona doa liweke pua karibu kabisa, ikiwezekana pumulia pumzi ya moto pale kwenye doa ndo unuse.

Kama doa liko kwenye kitambaa kinachovulika, dawa ni zile zenye vimeng'enya, zinavunja zile fuwele zenyewe. Usipanguse juu juu, mwagia mpaka ifike kina ambacho mkojo ulifika, acha ikauke yenyewe taratibu. Usitumie kitu chenye amonia, mkojo wenyewe unatoa amonia kwa hiyo kwa paka unakuwa unamwambia hapa ni chooni. Na TAFADHALI dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiimwage kwenye mkojo, vikikutana vinatoa gesi ya sumu, kwako na kwa mnyama.

Kama umeingia kwenye sponji, sponji inatupwa. Hapo sibishani na mtu.

Fundi Msasa

Naunga mkono hoja ya sponji. Mimi ni seremala, viti kupita mikononi mwangu ndo kazi. Watu wanaleta sofa wanataka nibadilishe kitambaa tu sponji ibaki kupunguza gharama, nawaambia basi acha mpaka ujipange, kwa sababu sponji iliyonywa mkojo ukiifunika kitambaa kipya umefungia harufu ndani na joto la makalio ndo linaipika kila siku.

Niongeze upande wa mbao. Ukishika kabati au kitanda cha mtumba tafuta vitundu vidogo vya duara, alafu gonga. Kikidondosha unga mlaini mpya mpya, wadudu bado wanabungua mle ndani, achana nacho. Vitundu vya zamani ambavyo vumbi lake limeshakuwa jeusi na hakuna unga mpya hiyo haina shida. Vuta droo itoke nje kabisa uangalie maungio ya pembeni, yakiwa yamechongwa meno meno yakaingiana hilo kabati lina maisha, hata mbwa mkubwa akiligonga halifunguki.

Mbao iliyonywa mkojo piga msasa mpaka ufike mbao safi, acha ikauke juani kisawasawa, kisha paka shelaki kabla ya rangi, inafunga harufu isitoke. Alafu nisikilizeni hapa, kukauka kwa vanishi si sawa na kukomaa. Unagusa unaona imekauka lakini bado inatoa mvuke. Kikae mahali penye hewa mpaka usisikie harufu kabisa ndo umruhusu mnyama akilalie, maana akilala ile vanishi inabaki kwenye manyoya na manyoya atayalamba.

Hapana Mtumba

Samahani mi ntakuwa tofauti kidogo. Napenda wanyama na nina mbwa watatu lakini kwangu kitu cha kitambaa cha mtumba HAKIINGII. Kunguni na viroboto. Ukileta kunguni ndani umejitafutia vita ya miezi mingi na kwenye nyumba yenye wanyama huwezi kupuliza dawa hovyo. Hii mada naona mnawaingiza watu kwenye matatizo.

Mama Mahameli

Karibu sana, na hofu yako ni ya haki kabisa, ndo maana nilisema kiti kilikaa nje kwanza. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula kwa hiyo kile kisingizio cha "hili sofa limekaa stoo muda mrefu" hakisaidii. Nakagua mishono yote kwa tochi ya kawaida na kadi ngumu ya plastiki ya kuchokonolea, matundu ya skrubu, chini ya ile nguo nyembamba iliyopigiliwa tumboni mwa sofa, hiyo naifungua kabisa. Natafuta vidoti vyeusi vilivyolowea kitambaa kwa pamoja, magamba ya rangi ya hudhurungi, vijiyai vyeupe. Nikiona kimoja tu narudisha nyuma mguu, hata kama kiti kizuri kiasi gani.

Vitu vinavyofulika vinaingia kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu nusu saa. Joto la nyuzi 55 na kuendelea likidumu muda wa kutosha linaua mpaka mayai. Visivyoweza joto, vidogo kama mito ya mapambo, naweka kwenye mfuko naingiza friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri siku nne kamili. Godoro la mtumba situmii, hapo tuko pamoja na wewe.

Viroboto wana hila nyingine, yule aliyeko ndani ya kifukofuko anaweza kutulia miezi akisubiri joto na mtikisiko wa anayepita, ndo maana nyumba iliyokaa tupu ukihamia tu wanakuvamia. Ndo sababu zulia la mtumba linasafishwa kwa vakyumu nje, pande zote mbili, tena na tena, ule mtikisiko unawatoa, na mfuko wa vakyumu unafungwa unatupwa nje hapohapo.

Na kwa wenye mbwa na paka nyumba moja, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja. Usimpake, usipulizie kochi analolalia, na mbwa aliyepakwa asilale na paka mpaka daktari wa wanyama akuambie.

Hapana Mtumba

Sawa, nimekuelewa, hiyo ya kufungua tumbo la sofa sikuwa naijua. Bado kitambaa sitaki lakini mbao nimeshawishika.

Mama Mahameli

Na mbao peke yake inatosha kabisa kupendezesha nyumba. Droo kubwa ya kabati lililokufa ndo kitanda cha mbwa bora kuliko vingi vinavyouzwa. Toa vishikio vyenye ncha, piga msasa kingo zote mpaka kiganja kipite bila kukwama, katia upande wa mbele ushuke ili mbwa mzee aingie bila kuruka, funga miguu minne mifupi kwa chini isikae kwenye unyevu. Mto wa ndani shona kwa kitambaa cha jinzi kuukuu, kigumu na kinafulika. Kama unatafuta rangi ya kumpendeza yeye mwenyewe, mbwa anaona vizuri buluu na njano, nyekundu na kijani kwake hazitofautiani. Jinzi basi imekaa vizuri pande zote.

dogo wa rangi

Hapo kwenye msasa niulize, nimepata dirisha kuukuu la mbao lenye rangi imebanduka banduka, ule mwonekano wa kuchakaa nautaka hivohivo nilitundike ukutani na picha. Nina kitten. Ni salama?

Fundi Msasa

Simama hapohapo dogo. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na milango na madirisha ndo zilipakwa sana kwa sababu zinastahimili mvua. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978 na nchi nyingi zimefuata baadaye, kwa hiyo kitu cha zamani ambacho hujui historia yake kichukulie kwamba kinayo. Kibanzi kikidondoka paka atakikanyaga, vumbi litakaa kwenye manyoya, na paka kazi yake ya kutwa ni kujilamba. Mwonekano wa kubanduka ndo hatari yenyewe.

Usipige msasa mkavu. Vipo vipimo vya kupaka vinavyobadilika rangi, anza na hicho. Ikiwa na risasi mi ningekuambia tafuta dirisha lingine, yapo mengi. Kama hili limekuingia moyoni, mpe mtu mwenye vifaa alivue lote nje kwa dawa, sio kwa moto wala msasa, alafu uipake rangi mpya. Kuchakaa unaweza kukutengeneza mwenyewe kwa rangi mbili mpya, ya chini na ya juu, unafuta ya juu kingoni kabla haijakauka.

dogo wa rangi

daah asante sana fundi, naanza na kipimo leo leo

Bibi wa Sanduku

Wanangu nami nichangie. Mnapopenda yale masanduku ya zamani ya kuwekea nguo, kabla ya kuligeuza kitanda cha paka nuseni. Mengi yamewekewa dawa ya nondo kwa miaka, vile vidonge vyeupe vya naftalini. Mbao imekunywa ile harufu. Naftalini inaharibu chembe nyekundu za damu na paka ndio wanaoumia zaidi. Liacheni wazi kwenye jua na upepo kwa wiki nyingi, na kama harufu haiishi basi sanduku libaki la kuwekea vitabu, paka asilale humo. Na mfuniko mzito wa sanduku ufungeni au uondoeni kabisa, usije ukamfunikia.

Mama Mahameli

Shikamoo bibi, asante sana. Hilo la mfuniko linanikumbusha viti vya kujilaza vile vyenye mkono wa pembeni unavuta miguu inanyanyuka. Vinauzwa sana mtumba na vinavutia. Paka anapenda kuingia mle ndani kwenye zile chuma kulala, mtu akikikunja bila kuangalia ndo basi. Kwenye nyumba yenye paka mi sikishauri kabisa, hata kikiwa cha bure. Sofa la kukunjua kuwa kitanda lenyewe lina shida hiyohiyo, angalau hilo halikunjwi kila saa.

Bibi wa Sanduku

Marahaba mwanangu. Umesema kweli.

kasuku na mimi

wenye ndege mmetusahau jamani. vizimba vya zamani vya urembo vile vya chuma ni vizuri mno kwa macho ila kwa kasuku ni hapana kama hujui kimepakwa nini, kasuku anapanda kwa mdomo kila waya anaonja, na zinki ya kwenye waya wa mabati ni sumu kwake. Mi kimoja nimekitundika tu nimeweka mimea ndani, kasuku yuko kwenye kizimba chake kipya cha waya wa chuma isiyoshika kutu. Pesa niliyookoa kwenye fanicha ndo ilienda hapo, na ndo mpangilio sahihi naona.

Pia msije mkanunua sufuria za mtumba zisizoshika chakula kama una ndege. Ile plastiki ya juu yake ikipata moto kupita kiasi inatoa moshi ambao unaua ndege haraka sana, hata yuko chumba cha pili. Mishumaa ya manukato na spreyi za hewa vilevile, mapafu yao hayawezi.

chumba_kimoja

mimea ndo nilikuwa nataka kuuliza, watu wanagawa mimea bure wakihama, ipi ya kukataa

Mama Mahameli

Lili, kama una paka. Hii naomba muishike hata mkisahau mengine yote. Majani, maua, chavua iliyomwangukia mgongoni akailamba, mpaka maji ya kwenye chombo cha maua, vyote vinaua figo zake na inaweza kuisha ndani ya siku tatu. Hata shada la kupewa mimi halivuki mlango. Akishailamba usisubiri dalili, mkimbize kwa daktari.

Kwa mbwa ni ule mmea unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, saiko unaitwa, mbegu zake ndo mbaya zaidi na zinaua ini. Mshubiri nao ukitafunwa unawadhuru wote wawili, watu wanadhani kwa sababu ni dawa kwetu basi kwao salama. Difenbakia na potho zinawasha mdomo na ulimi unavimba, zinafaa juu kabisa kama una mbwa peke yake, kwa paka hakuna juu. Jimbi la Boston na mitende ya areka haina shida, na kwa bahati nzuri ndo yenye kujaza kona vizuri.

Vyungu vya mtumba vizuri kwa mimea. Ila bakuli la zamani la udongo lenye marembo na nyufa usilifanye la maji ya mbwa, mng'ao wa vyombo vya kale unaweza kuwa na risasi na inatoka taratibu kwenye maji. Kwa maji tumia chuma isiyoshika kutu.

Sungura Wangu

Kwa sungura kila kitu ni meno maana yanaota maisha yake yote na lazima ayasage kwenye kitu. Mi nanunua vikapu kuukuu vya henzirani ambavyo havijapakwa chochote, navipanga sebuleni vinapendeza kabisa, nae anavitafuna, kikiisha naleta kingine. Kilichong'aa kwa vanishi hapana. Nyaya zote zimepita ndani ya bomba gumu la plastiki nyuma ya kabati, taa ya mezani ya mtumba nabadilisha waya kwanza kabla hata ya kuiwasha.

Samaki Kimya

Na tangi la samaki la mtumba ni pambo kubwa kwa pesa ndogo. Lijaze nje kwanza likae siku nzima na karatasi kavu chini yake, ukiona karatasi imelowa gundi ya silikoni imechoka. Usilioshe kwa sabuni, siki na maji ya moto kidogo vinatoa ile chokaa nyeupe, suuza sana. Na meza, lita moja ya maji ni kilo moja, tangi la lita 100 ukiongeza kioo na mchanga umepita kilo 100 mbali. Usiweke kwenye kimeza cha mapambo. Kama una paka mfuniko ni lazima.

nyumba ya kupanga

Wakuu mi nimepanga, mwenye nyumba hataki tundu ukutani hata moja. Paka wangu anataka juu. Nifanyeje bila zile rafu za ukutani?

Fundi Msasa

Hapo kuwa makini, watu wanaegemeza ngazi kuukuu ya mbao wanaiita rafu, kwa picha inapendeza, paka akiruka kutoka pale juu inasukumwa na kuteleza. Ngazi ile ya miguu minne inayofunguka ndo inafaa. Ifungue, unganisha pande mbili kwa mbao zilizolala kwenye kila kidato upige skrubu, hapo haijifungi tena na una majukwaa yenyewe. Chini weka mpira. Vitu vizito kama vitabu au vyungu vipange vidato vya chini ili isipinduke, vya juu mwachie yeye.

Mama Mahameli

Na ukiiweka karibu na dirisha umemaliza, atakaa kutwa anaangalia ndege. Ila kata kamba za pazia za kuvuta ziwe fupi au zifunge juu kabisa, kitanzi cha kamba kinanyonga paka. Vishada vya nyuzi pembeni mwa mapazia na mito ya mtumba navitoa vyote kabla sijavitumia. Paka akimeza uzi mrefu ncha moja ikanasa, utumbo unajikusanya kama kiuno cha suruali ya kamba, na ule uzi unakata ndani. Ukiuona umetokeza mdomoni au nyuma usiuvute, ni daktari tu.

mzee wa mbwa mzee

Habari ya jioni. Mbwa wangu ni mzee, nyonga zimeanza kukataa, sakafu yangu vigae inateleza anaanguka. Nimeambiwa niweke mazulia lakini mazulia mazuri ni ghali na yeye siku hizi hazuii mkojo vizuri. Naomba ushauri maana sitaki aaibike wala sitaki nyumba iwe na harufu.

Mama Mahameli

Pole mzee wangu na asante kwa kumjali hivo. Kwa hali yake usitafute zulia kubwa, tafuta mazulia madogo madogo mengi ya pamba yaliyofumwa bapa, yasiyo na manyoya, yanayoingia kwenye mashine ya kufulia. Kwa mtumba yanapatikana kwa wingi kwa sababu watu wanachoka rangi. Usihangaike yafanane, chagua rangi mbili tu zinazojirudia kwenye yote, mathalani buluu na nyekundu ya matofali, yatasomana. Chini ya kila moja weka ule wavu wa mpira unaozuia kuteleza, bila huo zulia dogo linamwangusha zaidi ya kigae. Yapange yafuatane kwa njia anazopita kila siku, kitandani hadi kwenye maji, kwenye maji hadi mlangoni, yasiachane kuzidi hatua yake moja. Likilowa unatoa hilo moja unafua lingine linachukua nafasi.

Pale anapolala weka kwanza pazia la bafuni la plastiki lililokunjwa mara mbili, juu yake mashuka kuukuu kadhaa, juu kabisa blanketi zuri. Asubuhi unatoa tabaka moja. Na kama kutozuia mkojo ni kwa siku za karibuni tu, mwone daktari wa wanyama kabla ya kuuchukulia kuwa ni uzee, kuna magonjwa yanayotibika yanayoleta hali hiyo.

mzee wa mbwa mzee

Nashukuru sana mwanangu. Jumatatu nampeleka. Hayo mazulia bapa nimeyaona mahali wiki hii yamefungwa mafungu, sikuyatilia maanani. Kuna cha kukagua kabla sijachukua?

Mama Mahameli

Geuza uangalie mgongo. Kama chini kuna mpira uliopakwa na umeanza kupukutika unga acha, huo hautafulika na mbwa ataula. Vuta uzi mmoja pembeni, ukitoka kirahisi litafumuka mashineni. Nusa, mulika, alafu beba fungu zima.